Bodi za Dari ya Bibi

Sogeeni karibu, na mwenye daftari alishike, maana hadithi ya leo ina hesabu ndani yake.

Alikuwapo bibi mmoja Mbagala, Dar es Salaam, aliyejenga nyumba yake kidogo kidogo, chumba baada ya chumba. Kuta zilisimama, bati likaezekwa, milango ikatiwa. Chumba chake cha kulala kilibaki bila dari. Mtu akilala chali aliona kenchi, na juu ya kenchi bati tupu. Mchana wa Januari bati hilo lilishusha joto mpaka godoro halikaliki. Masika nayo ilipofika, bibi na mjukuu wake walizungumza kwa kupayuka, la sivyo mvua iliwamezea maneno.

Basi akaitwa fundi dari. Akaja asubuhi, saidia fundi nyuma yake kabeba ngazi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, fundi. Karibu. Chumba chenyewe ndicho hiki."

Fundi akasimama mlangoni, akainua macho, akakuna kidevu. "Bodi saba za jipsamu, bibi. Saba zinatosha."

Mjukuu alikuwa binti wa darasa la sita, na kama kuna jambo lililomkera duniani ni jibu lisilo na njia. Kwao shuleni jibu tupu halipewi alama. "Samahani, fundi," akasema, "hizo saba umezipataje?"

"Kwa jicho, mwanangu. Dari nimepiga nyingi."

Bibi akaguna. "Jicho ni lako, fundi, lakini hela ni zangu. Hebu mpe mtoto futi kamba apime."

Msimfikirie fundi vibaya. Saba yake ilikuwa na sababu. Fundi akizidisha vifaa hakuna anayemlaumu, mabaki yanasukumwa uvunguni na maisha yanaendelea. Akipunguza, kazi inasimama katikati na yeye ndiye anayerudishwa dukani juani. Ndiyo maana makadirio mengi ya ujenzi huwa yamevimba. Anayekadiria anajilinda mwenyewe, na anayelipa hajui kuuliza.

Kabla hatujapima, tuijue kwanza hiyo bodi yenyewe.

Jipsamu ni jiwe, tena jiwe laini, unaweza kulikwaruza kwa ukucha. Hapa kwetu lipo Makanya, wilaya ya Same, lipo Itigi mkoani Singida, lipo na kusini huko Kilwa. Wakenya wanalo El Wak, kaunti ya Mandera. Sehemu kubwa ya jipsamu yetu huishia kwenye viwanda vya saruji, ambako huchanganywa kidogo ili saruji isigande upesi mno fundi akiwa bado anaikoroga.

Jiwe hili lina siri: ndani yake mna maji. Hayachuruziki wala hayalowanishi mkono, ila yamefungwa humo kwenye umbile lake, karibu moja ya tano ya uzito wote. Ukilichoma kwenye joto la nyuzi 150 hivi, robo tatu ya maji hayo hutoka na jiwe linabaki unga. Mwagia unga huo maji, nao huyarudisha ndani na kuwa jiwe tena, mara hii kwa umbo ulitakalo wewe. Kiwandani uji huo humiminwa katikati ya karatasi mbili ngumu, ukaachwa ugande, ukakatwa na kukaushwa. Hiyo ndiyo bodi. Na nyumba ikishika moto, yale maji yaliyofungwa huanza kutoka kama mvuke, na kwa muda fulani upande wa pili wa bodi haupati joto kali. Watu hupata nafasi ya kukimbia.

Aliyeanzisha bodi za namna hii ni Mmarekani, Augustine Sackett, aliyepata hataza yake mwaka 1894. Bodi yake ilikuwa tabaka juu ya tabaka, karatasi na plasta. Wenye nyumba hawakuichangamkia. Waliona plasta ya kupakwa kwa mkono ndiyo kazi ya heshima. Baada ya Vita Kuu ya Pili kwisha mwaka 1945 wanajeshi walirudi makwao, wakaoa, wakataka nyumba upesi, na plasta ya maji ilihitaji siku nyingi kukauka. Hapo bodi ikashinda. Marekani, ambako nyumba nyingi husimama kwa fremu za mbao, huifunga ukutani na darini. Sisi wenye kuta za tofali tunaihitaji zaidi juu ya vichwa vyetu.

Haya, turudi chumbani kwa bibi.

Binti akashika mwanzo wa futi kamba, saidia fundi akashika mwisho, wakapima sakafuni. Urefu mita 4. Upana mita 3 na nusu. Akaandika. Kisha akapima kutoka kona hadi kona kwa mshazari, na mshazari wa pili vilevile. Kuta zinazotazamana zikiwa sawa na mishazari miwili ikilingana, chumba kimenyooka kona zote. Ikipishana sana, kuna kona iliyopinda, na bodi yenye kona nyoofu haitakubali kukaa humo bila kukatwa.

Akachukua kalamu. Bodi iliyopo dukani ina upana wa mita 1.2 na urefu wa mita 2.4. (Zipo pia fupi na ndefu kuliko hiyo, kwa hiyo bodi nayo ipimwe, usisikilize mdomo wa muuzaji peke yake.) Mara moja nukta mbili kwa mbili nukta nne, bodi moja inafunika mita za mraba 2.88. Chumba ni nne mara tatu na nusu, mita za mraba 14. Kumi na nne gawanya kwa 2.88, jibu 4.86.

"Tano!" akasema. "Fundi, ni bodi tano, siyo saba."

Fundi akatabasamu. "Hesabu yako ni sahihi, mwanangu. Ila ukizileta hizo tano, utanionyesha zinavyokaa?"

Hapo ndipo wengi hukwama, hata watu wazima wenye kompyuta. Eneo ni namba tu. Halijui kwamba bodi ni ngumu, ina kona, na mahali inapoungana na mwenzake lazima pawe na mbao ya kushikia nyuma. Ungekuwa unapaka rangi, eneo lingetosha, maana rangi huenda popote unapoisukuma. Bodi inataka kupangwa, jinsi fundi cherehani anavyolaza karatasi za vipande juu ya kitambaa kabla hajagusa mkasi: mikono hapa, kola pale, na kipande kinachobaki kinakuwa mfuko.

Binti akafungua daftari la hesabu, lile lenye miraba midogo. Mraba mmoja akaufanya sentimita 10. Chumba kikawa miraba 40 kwa 35. Bodi ikawa miraba 24 kwa 12. Akachora.

Upana wa mita 3.5 unapokea safu tatu za bodi. Mbili za kwanza zinakula mita 2.4, ya tatu inabakiwa na mita 1.1, kwa hiyo inapunguzwa sentimita 10 ubavuni. Vizuri. Sasa urefu. Kila safu ina mita 4, na bodi ina 2.4, hivyo baada ya bodi nzima inabaki mita 1.6 ya kuziba. Safu ya kwanza: bodi nzima, na kipande cha 1.6 kilichokatwa kwenye bodi nyingine. Safu ya pili vivyo hivyo. Ya tatu vivyo hivyo. Jumla bodi sita.

"Umeona?" fundi akasema. "Sita. Na moja ya kuvunjika, saba. Jicho langu si la bure."

Binti hakujibu. Alikuwa anatazama kile kinachobaki. Ukikata mita 1.6 kwenye bodi ya mita 2.4, mkononi unabaki na sentimita 80. Safu ya kwanza imeacha kipande cha 80, na ya pili imeacha kingine cha 80. Themanini na themanini ni mita 1.6, kile kile kinachohitajika safu ya tatu.

Akafuta bodi ya sita.

Akachora upya, tena kwa ustadi zaidi, ili maungio yasifuatane. Safu ya kwanza ilianza na bodi nzima, ikamalizia na kipande cha 1.6. Ya pili akaigeuza, kipande mbele na bodi nzima nyuma. Ya tatu akaweka bodi nzima katikati na kipande cha 80 kila upande. Hakuna ungio lililotazamana na mwenzake wa safu ya jirani. Fundi akalichukua daftari, akaligeuza huku na huku, akamwita saidia fundi aje aone.

Nikiri napenda sana kwamba bodi hii haipotezi kitu inapokatwa. Mbao ukiikata kwa msumeno, msumeno unakula unene wake na kumwaga unga chini. Bodi ya jipsamu hukwaruzwa karatasi ya mbele kwa kisu kikali kwenye ukingo wa rula, inapigwa goti kwa nyuma, jiwe linakatika kwa sauti kavu, kisha karatasi ya nyuma inapasuliwa. Mita 2.4 inakuwa 1.6 na 0.8 kamili. Mchoro wa binti ungekuwa ndoto tu kama kisu kingekula hata sentimita moja.

Lakini fundi alikuwa na swali jingine, na hili ndilo lililoonyesha ukongwe wake. "Mbao za kufungia tuzipange kila baada ya ngapi?"

"Unazipangaga ngapi?"

"Wengine hupanga sentimita 60. Wengine 40."

Binti akarudi kwenye miraba. Kwa 60, mbao zinakaa kwenye 60, 120, 180, 240, 300, 360. Maungio yake yako kwenye 80, 160, 240 na 320. Ni moja tu, la 240, linaloangukia mbao. Mengine yangening'inia hewani, na ungio lisilo na mbao hupasuka mstari baada ya miezi michache. Kwa 40, mbao zinakaa 40, 80, 120, 160, 200, 240, 280, 320, 360. Yote manne yamepata mahali.

"Arobaini," akasema.

"Mbao ngapi basi?"

"Mita nne gawanya kwa sentimita arobaini. Kumi."

Fundi akacheka, na bibi naye akacheka bila kujua kwa nini. Hebu nanyi simamisheni vidole vyenu vitano mhesabu nafasi zilizopo katikati. Ni nne. Nafasi kumi zina mbao kumi na moja, kwa sababu ukutani kunaanza na mbao na ukutani kunaishia na mbao. Kila mojawapo ina urefu wa mita 3.5. Mbao za mbili kwa mbili za futi 12 zina mita 3.66, kwa hiyo ni mbao moja kwa kila mstari, na kinachokatwa ni kifupi cha kutupa. Halafu kuna vipande vinavyofuata mishono mirefu na kuta ndefu, mistari minne ya mita 4, mita 16. Jumla yote ni mita 54 na nusu za mbao, na mara nyingi watu husahau hizo 16 za mwisho.

Skrubu zilikwenda haraka. Bodi nzima inalalia mbao saba, kila mbao skrubu tano ukiziachanisha sentimita 30, thelathini na tano kwa bodi. Mara tano ni 175. Vipande vina kingo za ziada, na skrubu huanguka na kupotea, kwa hiyo mia mbili. Tepu ya wavu ya kufunika maungio kabla ya kupaka unga wa jipsamu: mishono mirefu miwili ya mita 4, na maungio mafupi manne, karibu mita 13. Mikanda ya pambo inayozunguka ukuta ni mita 15, ila hiyo usiigawanye kwa jumla. Ihesabu ukuta kwa ukuta, kwa sababu kila kona hukatwa hanamu na kipande kilichobaki mara nyingi hakifai kona inayofuata.

Bibi alikuwa ameshatoa kitambaa cha hela alipomwona fundi anapanda ngazi na futi kamba.

"Unapima nini tena?"

"Chumba cha juu, bibi. Mmepima cha chini."

Na kweli. Dari haikai sakafuni. Ukuta wa tofali huweza kuegemea kidogo unavyopanda bila mtu kujua. Fundi akapima pale pale dari itakapofungwa: upande wa mlango mita 4 kamili, upande wa dirisha mita 4 na sentimita 3.

Sentimita tatu. Upana wa vidole viwili. Binti akakaa chini na daftari lake, akaona balaa. Kama safu inataka kipande cha 1.63 badala ya 1.60, mabaki yanakuwa 77 badala ya 80. Safu mbili zikiwa hivyo, mabaki mawili yanatoa mita 1.54, na safu ya tatu inataka 1.63. Zinapungua sentimita 9, na kwa hizo tisa bodi ya sita inarudi.

"Usikate 1.63," fundi akamwambia kutoka juu ya ngazi. "Kata 1.60 kama ulivyochora. Acha uwazi wa vidole viwili ukutani. Mbao ya ukutani itashika ukingo wa bodi, na mkanda utafunika uwazi. Mkanda haukuwekwa kwa urembo peke yake."

Jambo hilo binti asingelipata kwenye daftari lake. Ujuzi wa fundi nao ulikuwa umemficha mabaki ya sentimita 80 miaka yote hiyo. Wawili hao walihitajiana.

Zikabaki bodi tano. Je, bibi anunue tano?

Wajenzi wengi huongeza sehemu moja ya kumi kwa ajili ya kuvunjika na kukosea. Kumi na nne ukiongeza sehemu ya kumi ni 15.4, gawanya kwa 2.88 unapata tano na ushei, unanunua sita. Mimi ningenunua sita kama duka liko mbali, maana bodi zikipakiwa kwenye guta na kupita barabara yenye mashimo, kona moja huja imeliwa. Duka likiwa mtaa wa pili, tano zinatosha, ya sita itafuatwa ikihitajika. Bibi alinunua sita, kwa masharti kwamba ikibaki nzima inarudishwa, na akahakikisha muuzaji ameandika hivyo kwenye risiti. Kabla ya hapo alimpandisha saidia fundi juani kukagua misumari ya bati. Bati likivuja, jipsamu hunywa maji, huvimba, huacha doa la chai, mwisho hudondoka, na hakuna hesabu itakayoiokoa.

Wakati wakisubiri guta, bibi aliwasimulia kuhusu nyumba za mawe za Lamu alizoziona ujanani. Huko dari ilikuwa boriti za mikoko, zimepangwa ukuta hadi ukuta, juu yake mawe ya matumbawe na chokaa. Boriti zilihesabiwa kwa korija, ishirini ishirini, na majahazi yalizipeleka mpaka Arabuni na Ghuba, nchi zisizo na miti ya kujengea. Boriti ya mkoko haiungwi katikati. Urefu wake ndio upana wa chumba. Basi vyumba vya nyumba zile vilikuwa virefu sana lakini vyembamba, upana wake hauzidi sana mita 3, hata kwa tajiri mwenye nyumba ya ghorofa. Angeweza kununua boriti nyingi kupita kiasi, asipate hata moja ndefu zaidi.

Binti akanyamaza akifikiri. "Kumbe wao walianza na boriti, ndipo wakajenga chumba."

"Enhe."

"Sisi tumejenga chumba kwanza, ndipo tukatafuta bodi."

Bibi akamtazama. Nyuma ya nyumba palikuwa na msingi wa sebule, haujapandishwa ukuta hata mmoja. Binti akafungua ukurasa mpya. Bodi tatu kwa upana ni mita 3.6. Bodi mbili kwa urefu ni mita 4.8. Sebule ya 3.6 kwa 4.8 inataka bodi sita kamili, hakuna kisu, hakuna kipande, na maungio yote yanaangukia mbao iwe umepanga 40 au 60. Chumba cha bibi chenye mita za mraba 14 kimekula tano kwa kubembeleza. Hii ina mita za mraba 17 na zaidi, na inakula sita bila jasho.

Akampelekea fundi daftari. Fundi akalisoma akiwa bado na skrubu mbili mdomoni, akazitoa.

"Nzuri. Na lipu je?"

"Lipu?"

"Ukuta wa tofali utapigwa lipu ndani. Weka sentimita mbili kila upande. Ukijenga tofali kwa tofali mita 3.60, ukishapiga lipu umebaki na 3.56, na bodi zako zote zitakatwa. Mwambie bibi amwambie fundi ujenzi: 3.64 kwa 4.84, apime kwenye tofali, kabla ya kozi ya pili."